Presha mkononi 176, mguuni 104: kumbe nilizaliwa na aota (mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni) iliyobanwa na valvu ya vipande viwili

MjukuuWaRufiji (mleta uzi):
Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke mpaka ile siku ya kidole.

Mimi ni fundi aluminiamu, Temeke, miaka 27. Nimecheza ndondo tangu shule ya msingi, namba 7. Sifa yangu mtaani ilikuwa moja: dakika ishirini za kwanza hunikamati, baada ya hapo natembea. Miguu inakuwa mizito, misuli ya nyuma inawaka moto, nikisimama kidogo inaachia. Kocha akasema sina pumzi. Washkaji wakanibatiza "Baunsa wa Juu" kwa sababu kifua na mabega vimejaa, chini nina miguu ya kuku wa kienyeji. Tulicheka wote, na mimi nikiwemo.

Kuumwa kichwa nilizoea. Kutokwa damu puani nilizoea. Miguu kuwa ya baridi Januari, Dar hii hii ya joto, nilidhani ndivyo nilivyoumbwa. Kumbe kweli ndivyo nilivyoumbwa, ila si kwa maana ile.

Nikiwa na miaka 23 nilipima presha kwenye kambi ya bure, ikasoma 170. Nikaenda hospitali moja, jina naliacha. Nikaandikiwa amlodipini, nikaambiwa punguza chumvi, punguza mawazo, presha ya ukoo hiyo. Nikasema dokta, kwetu hakuna mwenye presha chini ya miaka 50. Akanijibu, "Basi wewe ndiye wa kwanza." Miaka minne hiyo. Dawa ikawa moja, zikawa mbili, zikawa tatu. Presha inashuka kidogo, wiki mbili imerudi palepale.

Sasa siku ya kidole. Mwezi wa pili nilikatwa na kioo kazini, nikakimbilia zahanati ya jirani kushonwa. Nikamkuta daktari kijana, dada mmoja aliyetoka mafunzo kwa vitendo juzi tu. Alipoona presha akauliza umri, akanyamaza. Akashika kiwiko changu cha kulia kwa vidole, mkono wake wa pili akauweka kinenani. Nikaruka! Nikamwambia dokta mimi nimekatwa kidole. Akacheka, akasema tulia. Kinenani mapigo yalikuwa hafifu, halafu yanafika yamechelewa, kama mpiga ngoma anayefuata mwenzake badala ya kwenda naye. Akanilaza, akafunga mkanda mpana wa presha pajani.

Mkono 176. Mguu 104.

Mguuni inatakiwa iwe sawa na mkononi au izidi kidogo. Akaandika barua ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) palepale, kidole kikashonwa baadaye.

Kwenye eko fundi wao alipitisha kile kifaa kifuani, kisha akakiweka kwenye kishimo cha chini ya koo, akakaa hapo muda mrefu bila kusema neno. Majibu: aota imebanwa mara tu baada ya kutoa tawi la mkono wa kushoto. Na valvu ya kutokea aota ina vipande viwili badala ya vitatu. CT ikathibitisha.

Nikauliza kwa nini vitu viwili kwa mpigo. Nikajibiwa "huwa vinatembea pamoja," akaitwa mgonjwa mwingine. Wajuzi, vinatembea pamoja kwa nini?

Kibarua_wa_Feri:
Nimeweka kiti. Pole sana Baunsa.

TibaAsiliaPlus:
Kitunguu saumu punje tatu asubuhi na majani ya mwarobaini. Presha inakata kabisa. Watu mnapenda kupasuliwa.

MjukuuWaRufiji:
TibaAsilia, nilikula kitunguu saumu mwaka mzima mpaka mchumba akalalamika. Bomba lililobanwa halipanuliwi na kitunguu mkuu.

Tabibu_Nyasa:
Mleta uzi pole, na huyo dada mpelekee soda. Kushika mkono na kinena kwa wakati mmoja tunafundishwa wote, wanaofanya ni wachache. Mimi ni daktari wa wilaya, si bingwa wa moyo, ila nilikaa kitengo cha moyo muda wa kutosha kuyajua haya.

Tuanze na valvu. Mlango wa kutoka moyoni kwenda aota kwa kawaida una vipande vitatu vyembamba. Kwa karibu mtu mmoja kati ya 100, vipande viwili vimeungana tangu tumboni, kwa hiyo unabaki mlango wa vipande viwili. Ndiyo kasoro ya moyo ya kuzaliwa iliyo kwa watu wengi kuliko zote, na wanaume tumeipata zaidi. Wengi hawajui mpaka ukubwani, wakati valvu imeanza kukakamaa au kuvuja.

Kubanwa kwa aota ni nadra zaidi, kama watoto wanne katika kila 10,000 wanaozaliwa. Sasa tazama hesabu inavyoegemea upande mmoja. Chukua watu 100 waliobanwa aota: nusu yao au zaidi watakuwa na valvu ya vipande viwili. Chukua 100 wenye valvu hiyo: waliobanwa aota ni sita au saba tu. Kwa hiyo ukikuta aota imebanwa, itafute valvu kwa nguvu zote. Ukikuta valvu, usimtishe mtu, lakini pima presha ya mguuni na uone aota yote walau mara moja.

Kwa nini? Maelezo ni zaidi ya moja, na mimi naamini yanachangia yote.

Mtoto tumboni hapumui. Damu nyingi ya upande wa kulia wa moyo haina haja ya kwenda mapafuni, inapita kwenye mshipa wa mkato unaoingia aota na kushuka chini. Kile kipande cha aota kilicho kati ya tawi la mkono wa kushoto na huo mkato kinabaki na damu kidogo. Na mishipa ya kijusi hukua kadiri damu inavyopita, kama mfereji wa shamba: maji yakiwa mengi unajichonga wenyewe, yakipungua unajaa tope. Valvu ikiwa na hitilafu, damu ya upande wa kushoto inapungua, na mfereji uliokuwa mwembamba unazidi kusinyaa.

Halafu kuna nyama ya huo mkato. Imeumbwa isinyae mtoto akishavuta hewa. Kwa wengine nyama hiyo imepenya ndani ya ukuta wa aota, hivyo mkato unapojifunga, aota nayo inavutwa kama mdomo wa kiroba uliovutwa uzi.

La mwisho ni mafundi. Baadhi ya chembe zinazojenga valvu ile na ukuta wa aota ya juu zinahama kutoka sehemu moja, mgongoni mwa kijusi. Fundi aliyekosea fremu ya mlango usishangae akiwa amekosea na ukuta. Ndiyo maana mwenye valvu hii, hata asipobanwa, aota yake juu ya valvu inaweza kutanuka taratibu. Mwaka 2005 jeni moja, NOTCH1, ilihusishwa na familia zenye valvu hii, ila kwa wagonjwa wengi huwezi kutaja jeni fulani ukasema ndiyo yenyewe.

Kibarua_wa_Feri:
Hapo kwenye fundi na fremu mleta uzi ameelewa kuliko sisi sote.

MjukuuWaRufiji:
😂😂 Nimeelewa mpaka bei. Fremu ikipinda, kioo kitakusumbua milele.

Wa_Kisauni:
Mie niko Mombasa, miaka 31, presha 160 na kitu tangu mwaka juzi, namezeshwa vidonge tu. Sijawahi kupimwa mguu hata siku moja. Hii naweza kujipima nyumbani?

Tabibu_Nyasa:
Unaweza kuanza hivi. Lala chali dakika tano. Pima mkono wa kulia, si wa kushoto, kwa sababu tawi la kushoto wakati mwingine liko ndani ya eneo lililobanwa na litakudanganya. Kisha kwa mashine ya betri funga mkanda juu kidogo ya kifundo cha mguu, pima ukiwa umelala vilevile. Paja linahitaji mkanda mpana, ule wa mkono ukiulazimisha utasoma uongo. Rudia mara mbili. Mkono ukizidi mguu kwa 20 au zaidi, nenda na hizo namba kliniki.

Tahadhari mbili. Mzee wa miaka 65 anayevuta sigara au mwenye kisukari anaweza kupata tofauti hiyo kwa sababu mishipa ya miguu imeziba, hayo ni mambo mengine. Na tofauti ikiwa ndogo haimaanishi uko salama, maana mwili hujenga njia za panya kukwepa pale palipobanwa, damu ikafika chini kwa kuzunguka.

MjukuuWaRufiji:
Njia za panya! Ngoja niwape hii. Nilipigwa picha ya kifua miaka miwili nyuma, nikikohoa, wakitafuta TB. TB hakuna, picha nikaiweka chini ya godoro. Nilipompelekea daktari wa moyo akaiinua dirishani, akanionyesha mbavu zangu upande wa chini zina vipengele, kama muhindi uliotafunwa na panya. Ile mishipa midogo inayopita chini ya ubavu ilikuwa imevimba kwa kubeba damu isiyo yake, ikauchimba mfupa. Miaka miwili nimelalia majibu yangu mwenyewe.

MamaPacha_Moro:
Nimesoma huku nalia. Mwanangu, Kulwa wangu, alizaliwa kilo 2.6, tukaruhusiwa siku ya tatu wote wazima. Siku ya nane akaacha ziwa. Anahema mbio, miguu imekuwa kama majivu, mkojo hakuna. Tulipofika wakasema maambukizi ya damu, antibayotiki zikaanza. Hakuna mabadiliko. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyesema mbona mapigo ya kinena siyapati. Ndugu zangu, muuguzi! Wakatundika dripu nyingine, asubuhi miguu ikaanza kuwa na rangi. Siku ya kumi na sita akapasuliwa, wakakata kipande kilichobanwa wakaunga. Sasa ana miaka minne, anamkimbiza Doto nyumba nzima.

Swali langu, juzi kliniki wananiambia valvu yake ni ya vipande viwili. Mbona mimi nilijua tumemaliza?

Tabibu_Nyasa:
Mama Pacha, pole na hongera. Huyo alikuwa sawa siku saba kwa sababu ule mkato ulikuwa bado wazi, damu inapita kwenda chini. Ulipojifunga, figo, utumbo na miguu vikabaki na kile kitundu tu. Dripu ile bila shaka ilikuwa prostaglandini, inaufungua mkato tena ili mtoto afike chumba cha upasuaji akiwa hai. Inafanana sana na maambukizi ya damu, na maambukizi ndiyo tunayoyaona kila siku, ndipo tunapopotea.

Kumaliza, hapana, hamjamaliza. Mambo ni matatu ya kufuatilia. Sehemu iliyoungwa inaweza kubana tena, hasa kwa waliopasuliwa wachanga. Ikitokea, mara nyingi inapanuliwa kwa puto kupitia mshipa wa kinena, kifua hakifunguliwi. Presha inaweza kupanda akiwa kijana hata kama mshipa uko wazi, kwa hiyo apimwe kila kliniki, mkono wa kulia. Na valvu inatazamwa kwa eko. Anaweza kufika utu uzima haijamsumbua, anaweza kuhitaji kutengenezewa au kuwekewa nyingine. Wakati huo mtaongea mambo ya valvu ya chuma na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, si leo. Na Doto naye apigwe eko, tafadhali.

MamaPacha_Moro:
Doto hajawahi kupimwa. Hakuna aliyeniambia.

BintiKigamboni:
Samahani naingilia. Mdogo wangu wa kike ana miaka 16, mfupi sana kuliko sisi wote, hajavunja ungo, shingo yake pana pana hivi. Shuleni walimpima presha ikawa juu. Tunaambiwa homoni zitakuja zenyewe. Inahusiana na huu uzi au nimepotea njia?

Tabibu_Nyasa:
Hujapotea hata kidogo dada. Mpeleke kwa daktari na uulize kwa jina: hali ya Turner. Ni wasichana waliozaliwa wakiwa na kromosomu X moja kamili badala ya mbili. Valvu ya vipande viwili na aota iliyobanwa viko kwao mara nyingi kuliko kwa wasichana wengine, na aota yao inaweza kuchanika ikiwa bado na kipenyo ambacho kwa mtu mrefu tungekiona cha kawaida. Siwezi kumpa ugonjwa kwa komenti, ila ufupi, kuchelewa kuvunja ungo na presha kwa pamoja si vya kusubiri. Eko kwanza, homoni zitafuata.

Mzee_wa_Kumbukumbu:
Naomba niweke kachumbari ya historia. Huu ugonjwa madaktari waliujua kwenye maiti tangu karne ya 18, Morgagni wa Italia aliuandika 1760. Ila hapakuwa na la kufanya. Ilipofika Oktoba 1944, Stockholm, Clarence Crafoord akamfungua kifua mvulana wa miaka 12, akakata kipande kilichobanwa, akaziunga ncha mbili. Robert Gross wa Boston akafanya yake 1945. Kabla ya hapo wastani wa umri wa waliobanwa aota ulikuwa miaka 35 hivi: wengine mshipa unapasuka kichwani, wengine aota yenyewe inachanika, wengine moyo unachoka, wengine bakteria wanakaa kwenye ile valvu. Kulwa alichofanyiwa ni kilekile cha yule mvulana, kimeboreshwa.

Kibarua_wa_Feri:
Miaka 35. Mleta uzi ana 27. Sisemi kitu.

MjukuuWaRufiji:
Umeshasema 😅

Ngoja nimalizie mkasa. Kwangu hawakufungua kifua. Walipitia kinenani, wakapandisha stenti, kibomba cha wavu wa chuma kilichovikwa kitambaa, wakakipanua kwa puto pale palipobanwa. Mshipa ulikuwa na upana wa milimita 5, ukatoka na 16. Nililala wodini usiku tatu. Bima ililipa sehemu, iliyobaki ukoo ukachanga, na wale wale walioniita Baunsa wa Juu walipitisha daftari.

Kitu ambacho sikutegemea ni miguu. Siku ya pili nilihisi nyayo zina joto na zinadunda. Nikamwita muuguzi nikidhani kuna tatizo. Akasema ndivyo watu wote walivyo.

Presha sasa inacheza 132, 135. Dawa kutoka tatu nimebaki na moja. Niliuliza kwa nini isiishe kabisa.

Tabibu_Nyasa:
Kwa sababu umeishi nayo miaka 27. Figo zako zilikuwa chini ya palipobanwa, zinapata damu haba, zinadhani mwili mzima una upungufu, zinamwaga homoni ya kupandisha presha. Ndiyo maana vidonge vilikuwa vinapigana na figo zako mwenyewe. Na mishipa ya juu imekakamaa kwa kupigwa miaka yote hiyo. Angetibiwa mtoto mdogo, nafasi ya kuacha dawa ingekuwa kubwa zaidi. Meza hicho kimoja bila kinyongo.

TibaAsiliaPlus:
Sawa mimi nimenyamaza. Ila valvu mbovu si inatokana na mafindofindo? Shangazi yangu anachomwa penisilini kila mwezi.

Tabibu_Nyasa:
Swali zuri, nashukuru umerudi. Ya shangazi ni valvu iliyozaliwa nzima ikaharibiwa baadaye, koo lilipopata bakteria utotoni na kinga ya mwili ikashambulia moyo. Huku kwetu ni wengi sana wenye hiyo. Ile sindano inazuia isirudie. Valvu ya vipande viwili haitokani na koo wala haihitaji sindano ya kila mwezi. Shida ni kwamba kwenye stethoskopu zote zinavuma, na tumezoea kuandika ya koo. Eko ndiyo inayotenganisha.

Wa_Kisauni:
Nimepima mara tatu. Mkono 158, 161, 157. Mguu 166, 163, 168. Kwa hiyo mie sina?

Tabibu_Nyasa:
Kwa namba hizo haielekei, alhamdulillahi. Lakini presha ya miaka 31 bado inataka sababu: figo, homoni, usingizi wa kukoroma. Mwambie daktari wako achimbe.

Nyasi_Mbeya:
Kwa Mbeya huku eko mpaka Dar?

Mzee_wa_Kumbukumbu:
Anzia hospitali ya rufaa ya kanda hapo hapo. Kwa kurekebisha mshipa au valvu ndipo unapelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Ipo tangu 2015, zamani wagonjwa wa namna hii walikuwa wanasubiri safari ya India.

MjukuuWaRufiji:
Wakuu mrejesho. Tabibu alivyosema Doto naye apimwe kwa sababu ya Kulwa, nimemkokota mdogo wangu, miaka 22, mzima kama simba, anacheza dakika 90 na za nyongeza. Presha 118 mkononi, 126 mguuni. Eko: aota haijabanwa popote. Valvu vipande viwili.

Amenuna. Siku ya tatu haongei na mimi. Anasema nimemtafutia ugonjwa, mama naye anaulizwa na mashangazi alikula nini akiwa mjamzito. Nimewaambia hakuna alichokula, hawasikii.

Tabibu_Nyasa:
Mwambie mama hana kosa, nirushie namba ya hao mashangazi wakitaka ugomvi. Valvu inavuja? Na upana wa aota juu ya valvu umeandikwa ngapi?

MjukuuWaRufiji:
Inavuja kidogo sana, wameandika. Aota sentimita 3.3.

Tabibu_Nyasa:
Safi. Upasuaji wa kutanuka kwa kawaida unajadiliwa ikikaribia 5 na nusu, mapema kidogo kwa wengine. Acheze mpira wake, kliniki watampangia eko za kurudia. Kunyanyua vyuma vizito vya kubana pumzi aulize kwanza. Na meno. Bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanapenda kujishikiza kwenye valvu ya namna hiyo. Kila homa isiyoeleweka inayozidi wiki, achukuliwe damu ioteshwe kabla hajameza antibayotiki ya dukani. Wewe mwenye stenti, miezi sita ya mwanzo mwambie daktari wa meno kabla hajakugusa, anaweza kukupa dawa kwanza. Dogo meno yake yakoje?

MjukuuWaRufiji:
Ana gego la chini lina tundu tangu mwaka jana. Anatafunia upande mmoja, anasema halimuumi. Jumatatu nampeleka, hata kama haongei na mimi.